Ziwa Limejaa, Bidoni Tupu: Fizi na Baraka Zihifadhi Maji Gani?

Mtu wa Baraka akiambiwa ahifadhi maji, ana haki ya kuuliza: maji yapi? Ziwa Tanganyika limepanda mara mbili ndani ya miaka michache, mwaka 2021 na tena 2024, likaingia nyumba, vyoo, masoko na barabara kuanzia Bujumbura na Uvira hadi Kalemie na Kigoma, na ghuba ya Burton, penye mji wa Baraka, haikusalimika. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025 mto Kasaba, katika sekta ya Ngandja, uliacha njia yake ukakizoa kijiji cha Kasaba. Viongozi wa jimbo la Kivu Kusini walihesabu vifo zaidi ya 100. Mahali ambapo maji yanaua kwa wingi wake, wito wa kuyabania unasikika kama dhihaka.

Wakati huohuo foleni ya mabidoni kwenye robine haijafupika, na kolera hurudi kando ya ziwa hili mara kwa mara, kama ilivyofanya tangu ilipoingia ukanda huu mwishoni mwa miaka ya 1970. Yaliyozidi na yaliyokosekana yanakaa mtaa mmoja.

Wasemaji nao wanaongeza ukungu. Fundi wa pampu akisema “tuhifadhi maji” anataka watu wasiache robine wazi. Mtu wa mazingira anataka wasikate miti. Mweka hazina wa kamati anataka walipe. Muuguzi anataka wasijisaidie kando ya mto. Wote wanne wanatumia neno moja, na msikilizaji anabaki akidhani wanapingana, au kwamba hakuna kati yao anayejua anachosema. Tuzipange hoja zinazosikika moja moja, tuone kila moja ina nguvu wapi na inapwaya wapi.

Ukingo kati ya mlima na ziwa

Teritwari ya Fizi imekaa kwenye mteremko. Kaskazini na magharibi kuna milima ya Mitumba na nyanda za juu za Itombwe, ambazo sehemu nyingine hupita mita 3,000. Mashariki kuna ziwa, mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Umbali kati ya pande hizo mbili ni mfupi na njia ni kali. Mvua ikinyesha juu haikawii kufika chini, na ikishuka kwa kasi hubeba udongo, magogo na mawe. Mto Mutambala, ulioipa sekta jina, ndio unaojulikana zaidi kati ya mito inayomwaga maji karibu na Baraka, lakini kuna vijito vingi vidogo ambavyo kiangazi mtoto huvivuka bila kulowesha magoti na masika hubomoa daraja la barabara ya taifa namba 5.

Upande wa pili wa milima, kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, maji huelekea kwingine: mto Kimbi, kisha Luama, kisha Lualaba. (Ziwa nalo humwaga maji yake Lualaba kupitia mto Lukuga pale Kalemie, hivyo tone la Misisi na tone la Baraka hatimaye hukutana katika mto Kongo. La Baraka tu ndilo linaloweza kuchelewa kwa karne kadhaa.)

Mvua huanza Septemba na kukoma Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi, chemchemi hupunguza mtiririko, na mifugo ya nyanda za juu hushuka kutafuta majani na maji, jambo ambalo katika nchi yenye silaha nyingi mikononi mwa wengi huamsha ugomvi mwingine kabisa. Ukame wa miaka mfululizo, kama ule unaosikika kutoka Turkana, si shida ya hapa. Tabianchi inapobadilika, Fizi inaumizwa zaidi na namna mvua inavyonyesha. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na mvuke huo ukidondoka hudondoka kwa pigo. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko wa mashariki kwa kiwango kisicho cha kawaida, mvua kubwa zikapiga Afrika Mashariki yote; mwishoni mwa 2023 hali hiyo ilijirudia, safari hii pamoja na El Niño. Miezi iliyofuata, ziwa likapanda.

Wazee wanaosema ziwa limekuwa likipanda na kushuka siku zote hawakosei. Mvua za 1961 na miaka iliyofuata zililipandisha hadi kilele cha 1964. Nyuma zaidi, katika miaka ya 1870, mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na matete. Maji yakajikusanya hadi mwaka 1878 yakabomoa kizuizi, na ziwa likashuka karibu mita 10 katika miaka iliyofuata. Ushahidi huo hata hivyo haumfariji anayeishi ufukweni leo. Mwaka 1964 Baraka haikuwa mji wenye hadhi iliyopewa kwa amri ya serikali mwaka 2013. Wakimbizi wa ndani hawakuwa wamejaa, wala hapakuwa na kambi ya Warundi ya Lusenda iliyofunguliwa 2015, wala eneo la Mulongwe lililofuata 2017. Ziwa limerudi kwenye alama zake za zamani na kukuta watu wamejenga juu ya alama hizo.

Hoja ya kwanza: ziwa halikauki, leteni mabomba

Hii ndiyo hoja ya watu wengi mtaani, na ina hesabu nyuma yake. Ziwa Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba 32,900, kina chake kinafika mita 1,470, na ujazo wake ni takriban kilomita za ujazo 18,900, karibu moja ya sita ya maji yote matamu yaliyo juu ya ardhi duniani bila kuganda. Tuchukulie mji wa watu 200,000, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, yaani mara kadhaa zaidi ya anachotumia mtu anayebeba maji kichwani. Kwa mwaka mzima mji huo utachota mita za ujazo milioni 3.65. Ukiyagawa maji hayo juu ya uso wote wa ziwa, ziwa litashuka kwa sehemu ya kumi ya milimita. Jua la siku moja hulivukisha zaidi ya hapo mara nyingi.

Kwa hiyo kumwambia mama wa Baraka apunguze matumizi ili kuliokoa ziwa ni kumwambia jambo lisilo kweli. Ni hatari pia. Kiwango cha chini kinachokubaliwa katika misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na familia ya watu 8 inayopata mabidoni manne ya lita 20 haifiki hapo. Anayepunguza kutoka hapo anapunguza kunawa mikono.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka Uvira. Watafiti walilinganisha rekodi za maji yaliyozalishwa na Regideso, shirika la maji la taifa, na idadi ya wagonjwa waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kolera, kati ya 2009 na 2014. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa, katika siku 12 zilizofuata, na ongezeko la wagonjwa la asilimia 155 likilinganishwa na siku ya uzalishaji mzuri. Karibu robo ya wagonjwa wote wa kipindi hicho walihusishwa na kukatika kwa maji. Robine ikikauka watu hawaachi kunywa. Wanashuka ziwani.

Hadi hapo hoja hii imeshinda. Inapwaya pale inapodhani kwamba kati ya ziwa na robine kuna bomba peke yake. Ziwa liko chini, watu wako juu yake, na maji hayapandi bila nguvu. Kuinua lita 1,000 kwa mita 50 kunahitaji takriban robo ya uniti ya umeme, ukihesabu upotevu wa pampu. Ni kidogo, lakini ni kila siku, na penye dizeli inayosafiri kwa mtumbwi au kwa barabara inayokatika, kidogo hicho hugeuka kuwa sababu ya mtambo kusimama. Sola imepunguza shida hiyo, ila imeleta nyingine: paneli huibwa, na kifaa cha kuongoza pampu kikiungua, fundi wake hayuko Fizi.

Kuna jambo lingine linalosahaulika hata na wanaosambaza dawa. Maji ya Tanganyika yana ubesi mkubwa, pH yake ikikaribia 9. Kloro katika maji ya aina hiyo hupoteza sehemu kubwa ya makali yake, kwa kuwa umbo lake linaloua vijidudu haraka linabaki asilimia chache tu. Mtu wa kujitolea anayetia dawa kwenye bidoni pale ufukweni anafanya kazi nzuri, lakini maji ya ziwa yanahitaji kusubiri muda mrefu kuliko ya chemchemi kabla ya kunywewa, na anayekunywa njiani anajidanganya.

Halafu kuna lile neno “halikauki”. Ukubwa wa ziwa ni wa kweli, lakini sehemu yake iliyo hai ni nyembamba. Chini ya mita 200 hivi, na upande wetu wa kaskazini hata kabla ya hapo, hakuna oksijeni. Virutubisho vinavyolisha mwani, ambao ndio msingi wa chakula cha samaki kama ndagala na mikebuka, hupanda kutoka chini pale upepo wa kiangazi unapoyachanganya maji. Tabaka la juu linapopata joto, huelea juu ya lile baridi na kugoma kuchanganyika. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Mwingine wa 2016, uliosoma matabaka ya tope la chini, ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua pamoja na joto hata kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara. Hilo haliwaondolei lawama wenye nyavu za macho madogo. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na sababu ilikuwepo. Lakini ziwa linaweza kujaa hadi mlangoni na bado likatoa samaki pungufu. Wingi wa maji na uzima wa maji ni hesabu mbili.

Hoja ya pili: mlima kwanza

Wanaosema hivi huanza na chanzo. Maji ya mserereko, yale yanayotegwa kwenye chemchemi mlimani na kushuka yenyewe kwa bomba, hayahitaji dizeli wala paneli. Vijiji vingi vya pwani kati ya Makobola na Baraka vimejengwa chini ya milima inayotoa maji ya namna hiyo. Msitu ukibaki juu, chemchemi hudumu kiangazi na bomba halijai tope masika. Ukikatwa kwa makala, kwa mbao au kwa shamba la muhogo lililolimwa moja kwa moja kushuka mteremko, udongo wa juu huondoka, mvua haizami, na kijito kinakuwa na siku mbili tu kwa mwaka: siku ya gharika na siku ya mchanga mtupu. Tope hilo halipotei. Hufunika miamba ya ufukweni ambako samaki wadogo wa ziwa hili, wengi wasiopatikana popote pengine duniani, hutaga na kujilisha.

Ni hoja nzito. Lakini watetezi wake huahidi zaidi ya uwezo wa miti, na hapo ndipo wanapopoteza imani ya wakulima. Mti hunywa maji. Ukipima jumla ya maji yanayoshuka kwa mwaka, mlima wenye msitu mara nyingi hutoa kidogo kuliko mlima mtupu. Faida ya msitu ni kugawa maji hayo: hupunguza kishindo cha masika, huacha akiba ya kiangazi, huyasafisha. Na si kila mti hufanya hivyo. Mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi huifyonza, na miradi iliyogawa miche bila kujali ipandwe wapi imeharibu vyanzo ilivyokuja kuokoa. Hata hivyo mikaratusi hiyohiyo ikipandwa mbali na chanzo hutoa kuni na makala ambayo vinginevyo yangetoka msitu wa asili.

Tena, mvua ya kiwango cha ile iliyopiga Kasaba hupita uwezo wa mizizi. Tarehe 4 Mei 2023 Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, ziliangamia kwa mafuriko na zaidi ya watu 400 wakafa. Miteremko iliyovuliwa miti ilichangia, na nyumba zilizosogezwa hadi kwenye mkondo wa mto zilichangia pia. Kupanda miti bila kuhamisha makazi kutoka kwenye njia za maji ni nusu ya kazi, tena ile nusu inayochukua miaka 20.

Gharama ya hoja hii inaangukia nani? Hapo pana ukimya. Anayechoma makala anaishi juu. Anayepikia makala hayo anaishi Baraka, na anayekunywa maji safi pia anaishi Baraka. Kumkataza wa juu bila kumpa riziki nyingine ni kumtoza kodi maskini ili mji unywe. Hifadhi ya Itombwe iliundwa kwa karatasi mwaka 2006, na ilichukua miaka 10 mipaka yake kupangwa upya baada ya malalamiko ya wenyeji kwamba hawakuulizwa. Kuna chombo bora zaidi ambacho Fizi haijakitumia kikamilifu: amri ya mwaka 2014 inayoruhusu jamii kumiliki msitu wake kisheria, hadi hekta 50,000, na kuupangia matumizi. Mwenye hati ana sababu ya kumfukuza mkata miti mgeni. Asiye na hati anakimbilia kuukata kabla mwingine hajaukata.

Na vita. Chanzo kilicho saa tano kwa miguu, katika mlima ambao wiki hii unashikiliwa na kundi hili na wiki ijayo na lile, hakilindwi na kamati yoyote. Bomba la mserereko ni rahisi kulisimamia wakati wa amani, na ni rahisi vilevile kulikata wakati wa ghasia.

Hoja ya tatu: anayechota alipe

Kibandiko cha bei kwenye robine huleta kelele kuliko jambo lingine lolote. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya maji safi ya kunywa. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 iliondoa ukiritimba wa Regideso, shirika la tangu enzi za Wabelgiji, ikakabidhi huduma kwa majimbo na ngazi zilizo chini yake, na ikaweka kanuni kwamba mtumiaji hulipa na mchafuzi hulipa. Raia anasoma haki. Kamati inasoma ankara. Zote mbili zimo kwenye vitabu vya serikali moja.

Wanaotetea malipo wana mifano inayoonekana kwa macho: visima vya pampu ya mkono vilivyokufa kwa kukosa mpira wa bei ndogo, kwa sababu shirika lililovichimba liliondoka na hakuna aliyekuwa akikusanya faranga za ukarabati. Maji ya bure ya misaada yana siku ya mwisho, na siku hiyo huwa ni ya mwisho wa ufadhili, hata kama mahitaji yangali palepale. Kadiri mvua zinavyozidi kuvunja mabomba, akiba ya matengenezo inakuwa sehemu ya kukabili tabianchi, ingawa haipigwi picha kama mche.

Udhaifu ni kwamba bei hupunguza matumizi ya asiye na kitu kwanza. Aliye na faranga huendelea kuosha pikipiki. Asiye nazo hushuka ziwani na kurudi na kolera ambayo haitabaki nyumbani kwake. Tukikumbuka takwimu za Uvira, kila familia inayofukuzwa robinini ni gharama kwa mtaa mzima. Kuna tatizo la uaminifu pia: watu hawachukii kulipa kama wanavyochukia kulipa bila kuona daftari. Kambi na vijiji vinavyopakana nazo vimepata fundisho chungu zaidi, pale mkimbizi anapopewa maji bure na mwenyeji wa upande wa pili wa barabara anatozwa, au kinyume chake.

Kanuni ya mchafuzi kulipa imesahaulika zaidi. Huko Misisi dhahabu hukamatwa kwa zebaki, na zebaki haichemki ikaisha wala haiuawi na kloro. Yule anayeosha mchanga wenye zebaki mtoni halipi faranga hata moja kwa maji anayoyaharibu, wakati mama wa chini anadaiwa ya bidoni moja. Sheria inawataja wote wawili; utekelezaji umemwona mmoja tu.

Hoja ya nne: fungueni Lukuga

Ziwa linapopanda huzuka wazo la kuchimba mdomo wa Lukuga ili maji yatoke. Linavutia, na halihitaji kurasa nyingi. Ili kushusha ziwa kwa mita moja lazima zitoke kilomita za ujazo karibu 33. Sehemu kubwa mno ya maji yanayoondoka Tanganyika, zaidi ya tisa kwa kumi, huondoka kwa mvuke. Lukuga ni tundu dogo. Miaka michache kabla ya mafuriko, kilio kilikuwa cha kinyume: maji yalikuwa chini, bandari zikikwama, na Tanzania ikitaka kizuizi cha zamani kilichojengwa karibu na Kalemie wakati wa ukoloni kirejeshwe ili ziwa lipande. Nchi nne zilitia saini mkataba wa ziwa mwaka 2003 na zina mamlaka yake Bujumbura, hivyo hakuna hata moja inayoweza kuligeuza tundu hilo peke yake. Kazi hiyo inaweza kufaa siku moja kwa kupunguza vilele. Mwenye nyumba ya ufukweni Baraka asiisubiri.

Tukipima

Hoja hizi zikiwekwa mezani pamoja, zile tatu za kwanza hazishindani kama zinavyosikika. Zinazungumzia vitu tofauti vinavyoweza kuisha. Kinachoisha ziwani ni usafi na uhai. Kinachoisha mlimani ni udongo unaoshika maji hadi Agosti. Kinachoisha kwenye robine ni fedha na uaminifu. Ujazo wa maji ndio pekee usioisha, na kwa bahati mbaya ndio ambao kampeni nyingi za “funga robine” huzungumzia, kwa sababu ziliandikwa kwa ajili ya miji yenye ukame au yenye bomba ndani ya kila nyumba.

Kwa mtazamo wangu, mpangilio wa kipaumbele unafuata hapo. La kwanza ni robine isiyokatika, kwa kuwa vifo vya kolera ni vya wiki hii na haviwezi kusubiri mti ukue. Pale penye chemchemi inayotosha, maji ya mserereko yatangulie pampu. Pale mji ulipozidi uwezo wa chemchemi, kama Baraka ilivyo, ziwa litatumika tu, na bajeti ya kuyasafisha maji yake na kuyainua iandikwe kabla ya uzinduzi. Bei iwepo, ndogo, daftari likibandikwa ukutani, na kaya zisizoweza zilipiwe na mfuko wa mji kuliko kuachwa zishuke ufukweni. Vyoo viondolewe kwenye ukanda ambao ziwa limeufikia mara mbili tayari. Ng’ambo, Tanzania iliweka kisheria umbali wa mita 60 kati ya shughuli za kudumu na maji. Baraka haihitaji kunakili namba hiyo, inahitaji kuweka jiwe pale maji yalipofika 2024 na kuliheshimu. Kuwahamisha watu kutoka hapo kutauma, na anayesema hakutauma hajawahi kutafuta kiwanja Baraka.

Njia moja haina chama cha kuitetea, labda kwa sababu haina mkandarasi mkubwa: paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la darasa la mita za mraba 100, mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 100,000. Tangi la kuvuka kiangazi chote ni ghali kwa kaya, na maji ya mvua za kwanza lazima yamwagwe pamoja na vumbi. Ila shule, kanisa, msikiti na zahanati zina mabati mengi tayari, na mvua inayokusanywa hapo haishuki tena barabarani kuchimba mfereji.

Kazi ya mlimani ianze sasa hata kama matunda yake ni ya watoto, na ianze kwa ukanda mwembamba unaozunguka chemchemi zinazolisha mabomba, kwa miti ya asili, na kwa makubaliano na wanaolima hapo. Baraka italazimika kuchangia malipo yao, kwa kuwa ndiyo inayofaidi. Nani atatia saini? Sheria ya 2015 imeshazitaja ngazi husika, na hapa ni sekta ya Mutambala, sekta ya Tanganyika, ofisi ya meya. Tangu Bukavu, makao makuu ya jimbo, ilipoanguka mikononi mwa waasi Februari 2025 jimbo limegawanyika, na barua ya kusubiri idhini kutoka juu inaweza isijibiwe.

Kuna hatua moja isiyohitaji idhini hiyo. Kamati ya maji yenye ndoo ya lita 20 na simu yenye saa inaweza kupima sekunde ambazo kila chemchemi inachukua kuijaza, mara moja kwa mwezi, na kuandika. Kiangazi kikipita mara mbili au tatu daftari hilo litaonyesha chanzo kipi kinadhoofika, kipi kimerudi baada ya kuzungushiwa ukanda wa miti, na kipi hakitoshi tena hata kingelindwa vipi, hivyo mtaa wake uunganishwe na pampu ya ziwa. Leo mabishano ya bomba, mti na bei yanaendeshwa bila namba hizo.